Mizani Hulipa Maji

Ijumaa ya tarehe 5 Machi 2021 nilikuwa na magunia 40 ya mahindi katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu, nje kidogo ya Kigumba, Uganda, nikisubiri bei ipande. Tulikuwa tumevuna Desemba na kupukuchua kabla ya Krismasi, na kwa desturi mwezi wa tatu ndio wanunuzi kutoka Kenya huanza kuzunguka na malori katika wilaya yetu ya Kiryandongo, kwa kuwa ghala za kwao huwa zimeanza kuonyesha sakafu. Siku hiyo mamlaka ya Kenya inayosimamia kilimo na chakula ilisimamisha mahindi yote ya kutoka Uganda na Tanzania, kwa maelezo kwamba vipimo vilikuta sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu, kupita kiwango kinachoruhusiwa. Jioni mnunuzi niliyekuwa nimekubaliana naye alinipigia simu. "Mama, gari langu limezuiwa Busia," alisema. "Usimuuzie mtu kwa hasira, lakini na mimi usinitegemee."

Pale senta hapakuwa na mtu aliyeamini habari ya sumu. Tulisema ni siasa, tulisema wakubwa wa huko wana mahindi yao wanataka yauzwe kwanza, na mimi niliyasema hayo kwa sauti kuliko wengi. Nilizaliwa Bweyale, kwa baba aliyetoka upande wa Kenya na mama Mnubi. Kiswahili ndicho tulichokulia nyumbani, na kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikizungumza na wanunuzi kwa niaba ya nusu ya kijiji. Huenda siasa nayo ilikuwemo, sina haja ya kuikana. Lakini tarehe 10 ya mwezi huo huo Kenya ilifungua mpaka tena kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, ghala zao zijulikane, na kila shehena iambatane na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Mnunuzi wangu alirudi mwishoni mwa mwezi, safari hii akiwa na vitu viwili ambavyo katika miaka sita ya kufanya biashara hakuwahi kuja navyo nyumbani kwangu, yaani bambo, ile bomba yenye ncha ya kuchotea punje ndani ya gunia, na kipima unyevu.

Alilichoma bambo katika kila gunia, akamwaga punje kiganjani, akazinusa, kisha akazitia katika kipimo. Magunia ya juu yalisoma 14 na kitu. Ya katikati yalisoma 15. Ya chini, yaliyolala moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji na kuegemea ukuta, yalifika 17, na tulipoyafungua tulikuta punje zimeshikana mabonge, zikiwa na vumbi la kijani kama la mkate uliosahaulika kabatini. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Alichukua magunia 31 kwa bei ambayo sitaiandika hapa kwa sababu bado inaniuma, akaacha 9.

Mpaka siku hiyo ningeapa kwamba mahindi yangu yalikuwa makavu. Nilikuwa nimeyapima kama tulivyopima wote: unachukua punje, unaiuma, ikilia "ka" chini ya jino unasema tayari. Jino linaweza kukutofautishia mahindi mabichi na makavu, lakini haliwezi kukutofautishia 13 na 16, na katika tofauti hiyo ndogo ndimo kuvu anamoishi. Isitoshe, tulikuwa tumeyaanika juu ya udongo mtupu wa ua, mengine pembezoni mwa lami ya barabara ya Gulu, ambapo mbuzi na pikipiki vilipita juu yake, na tulikuwa tumeyapukuchua kwa kuyapiga magunzi kwa fimbo ndani ya magunia. Njia hiyo ni ya haraka, lakini huacha punje nyingi zimepasuka, na kila ufa ni mlango. Halafu tukayapanga magunia juu ya saruji, tukiamini kwamba saruji ni safi kuliko udongo. Saruji hunyonya maji ya ardhini na kuyapandisha polepole, na gunia lililolala juu yake huyanywa usiku kucha.

Mama mkwe wangu, Mwacholi aliyezaliwa kabla ya uhuru, hakushangaa hata kidogo. Aliniambia kwamba katika ujana wake hapakuwa na mtu aliyelaza nafaka chini. Kulikuwa na dero, ghala la fito lililoinuliwa kwa nguzo na kuezekwa nyasi, na upepo ulipita chini yake. Nilimuuliza kwa nini basi tuliliacha. "Mwanangu," alinijibu, "ukijenga dero leo, kesho utalikuta tupu." Ni kweli. Wizi ndio uliotuingizia magunia vyumbani, na nyumba nyingi ninazozijua katika kata yetu watoto hulala chumba kimoja na mavuno ya mwaka mzima, wakipumua vumbi lake. Wataalamu wanaotushauri tuwe na ghala linalopitisha hewa mara chache huuliza ni nani atakayelilinda.

Sasa nirudi kwenye yale magunia 9, kwa maana ndiyo yaliyonifanya niandike.

Sikuyatupa. Hakuna mkulima ninayemjua ambaye angeyatupa. Niliyamwaga, nikayaanika tena, nikapepeta vumbi, nikachagua. Punje zilizoonekana nzuri zilikwenda kwenye kinu, zikawa unga wa nyumbani. Zilizoonekana mbaya kidogo nilimuuzia mama anayepika kwete, ile pombe ya mahindi inayonywewa hapa kila jioni, ambaye alizipokea kwa furaha kwa sababu bei ilikuwa ndogo. Zile mbaya kabisa zilichukuliwa na kijana anayesaga chakula cha kuku. Nilijihesabu kuwa mwenye akili: hakuna kilichopotea, na mahindi yaliyokataliwa na Wakenya yamerudisha angalau pesa ya magunia matupu.

Wiki kadhaa baadaye dereva wa lori, mzaliwa wa Kitui, alikwama kwetu siku mbili akisubiri kipuri. Tulimpa chakula, na jioni, tukizungumza habari ya mpaka, nikamrudia ule wimbo wangu wa siasa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini. "Dada, mimi mwaka 2004 nilikuwa nyumbani," alisema, na akaeleza jinsi watu wa maeneo yao walivyogeuka macho ya njano, matumbo yakavimba, na jinsi baadhi ya jamaa walivyodhani ni uchawi mpaka serikali ilipokuja kuchukua mahindi majumbani na kuleta mengine. Baadaye nilisoma kwamba mlipuko ule wa Kenya, uliozipiga hasa Makueni na Kitui, ulihusisha wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa. Mahindi waliyokula wengi wao hayakutoka mbali. Yalikuwa ya mashamba yao wenyewe, yaliyovunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu, ndani ya nyumba kama yangu.

Tangu hapo nimejifunza kuhusu sumu hii kwa bidii ambayo sikuwa nayo shuleni. Hutengenezwa na kuvu waishio udongoni, ambao huyafikia mahindi shambani kupitia majeraha ya wadudu au katika ukame, kisha hustawi ghalani wakikuta joto na unyevu. Sehemu 10 katika bilioni ni sawa na miligramu 10 katika tani nzima ya mahindi, kiasi ambacho huwezi kukiona, kukinusa wala kukionja. Punje inaweza kung'aa na kuwa nayo. Kuosha hakuiondoi, kusonga ugali hakuivunji, na kuchachusha kwete hakuimalizi. Anayekula nyingi kwa mara moja huharibika ini kwa siku chache, na anayekula kidogo kidogo kwa miaka hujiongezea hatari ya saratani ya ini, hasa akiwa pia na virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo katika nchi yetu si vigeni. Na yule kijana wa chakula cha kuku hunirudia akilini kila ninapokumbuka kwamba dunia iliigundua sumu hii kupitia ndege wa kufugwa: mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na chanzo kikaonekana kuwa karanga zilizosagwa katika chakula chao.

Kwa hiyo mpaka uliyakataa magunia 9, nami nikayagawa kijijini. Wakenya walilindwa na cheti. Mimi, watoto wangu, wanywaji wa kwete na kuku wa Bweyale hatukuwa na mpaka wa kutulinda.

Katika misimu iliyofuata nilianza kubadili mambo, na hapo ndipo nilipojua kwa nini hayabadiliki. Kwetu tuna misimu miwili. Ule wa pili huvunwa Desemba na Januari, wakati wa kiangazi, na jua lenyewe ni mfanyakazi. Ule wa kwanza huvunwa Julai na Agosti, wakati mvua haijaisha, na mahindi hukomaa huku mawingu yamekaa juu yake. Kuyaacha shambani yakauke ni kuyaacha wazi kwa mchwa, kwa mwizi, na kwa ukungu unaoingia kupitia matundu ya viwavijeshi vamizi, wale waliothibitishwa kuingia Uganda mwaka 2017 na ambao tangu wakati huo wanakula pamoja nasi. Kuyaleta nyumbani maana yake ni kukimbizana na mvua. Nilinunua maturubai mawili, nikakodi mashine ya kupukuchulia badala ya fimbo, fundi akanitengenezea chaga za mbao za kuinua magunia kutoka sakafuni, na tukayasogeza mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita. Kwa muda wa siku 11 tuliyatandaza mahindi na kuyakusanya, mara tatu kwa siku moja ikibidi, na binti yangu wa darasa la sita alikosa shule siku nne kati ya hizo. Siku hizo nne zimo katika bei ya mahindi makavu, ingawa hazikuandikwa popote.

Bibi shamba wetu alinifundisha kipimo cha chupa, ambacho ningependa kila nyumba ikijue kwa sababu gharama yake ni chumvi tu. Unachukua chupa ya kioo iliyo kavu na yenye kifuniko, unatia mahindi hadi robo au theluthi yake, unaongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, unatikisa kwa dakika chache na kuiacha itulie. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi yamezidi unyevu wa asilimia 15 na yarudi juani. Isiposhika, ujue umeshuka chini ya hapo. Chupa haisemi 13.5, na mtu asijidanganye kwamba inasema. Mimi chumvi ikiacha kushika huongeza siku mbili za jua kamili kabla ya kufunga magunia. Jino limestaafu.

Nilijaribu pia ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo asili yake ni kazi iliyofanywa Kamerun katika miaka ya 1980 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue kwa ajili ya kuhifadhi kunde. Fukusi waliofungiwa ndani humaliza hewa yao wenyewe na kufa bila dawa, jambo linalonifurahisha kwa sababu tembe za kufukizia magunia tuliwahi kuziweka chumbani walimolala watoto, na nikikumbuka hivyo hunyong'onyea mwili. Ila mfuko haukaushi mahindi. Jirani yangu alijaza yenye unyevu, akafunga kwa kamba akiwa na imani kamili, na baada ya miezi mitatu harufu iliyotoka pale ilikuwa ya kiwanda cha pombe.

Baada ya juhudi hizo zote niliwapelekea wanunuzi mahindi yangu makavu, nikiwa na chupa yangu mkononi kama shahidi. Bei waliyonipa ilikuwa ile ile waliyompa mwenzangu aliyeyatoa shambani juzi. Niliyapima kwenye mizani, na hapo nikafanya hesabu ambayo sikuwahi kuisikia katika semina yoyote. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 20, likikaushwa hadi 13.5, hubaki kilo 92 na nusu. Kilo saba na nusu ni maji yaliyokwenda hewani, na maji hayo mnunuzi wa kijijini huyalipa kwa bei ya mahindi. Mavuno ya tani nne yenye unyevu wa asilimia 18 hupoteza zaidi ya kilo 200 njiani kuelekea ukavu unaotakiwa. Kwa bei ya shilingi 700 kwa kilo, nilikuwa nimetumia siku 11, maturubai mawili na siku nne za shule ya mtoto ili nijinyang'anye shilingi 140,000 na zaidi.

Ndiyo maana huwa sivumilii ninapowasikia waliotoka mjini wakisema kwamba mkulima wa Uganda anauza mahindi mabichi kwa kukosa elimu. Anauza mabichi kwa sababu anajua hesabu. Mnunuzi mdogo wa pikipiki naye hupima kwa kilo na kumuuzia mwenye lori kwa kilo, na mwenye lori huanza kuufikiria unyevu pale tu anapojua kwamba mwisho wa safari kuna mtu mwenye mashine ya kupimia. Kati ya shamba langu na mashine ile kuna mikono minne au mitano, na kila mkono hupokea maji na kuyapitisha mbele. Mahindi yangu makavu yalimwagwa mbele ya macho yangu katika lori moja na ya wenzangu yenye unyevu. Kufika Busia yalikuwa yameshanywa.

Kikundi chetu cha wanawake 14 kilijaribu kutoka katika mnyororo huo. Tulichanga tukanunua kipima unyevu cha mkononi, na mradi mmoja ukatuachia mashine ya kukaushia inayotumia dizeli. Kipimo kinafanya kazi mpaka leo na ndicho kitu cha thamani kuliko vyote tulivyowahi kununua pamoja. Mashine imesimama. Kila mtu aliihitaji katika wiki mbili zile zile za Agosti, dizeli ikapanda, na gharama ya kukausha kilo moja ikazidi nyongeza ambayo mnunuzi yeyote alikuwa tayari kutoa.

Nyongeza yenyewe niliipata mara moja tu, kwa mwenye kinu mmoja aliyetaka mahindi yasiyozidi 13.5 na akalipa tofauti inayoonekana. Katikati ya mwaka 2022 bei ilipanda kuliko nilivyowahi kuiona, malori yalishindana getini, na hakuna aliyetoa kipimo mfukoni. Walichukua kila kitu, hata mabonge. Mwaka 2023 malori yenye mahindi na unga kutoka Uganda yakazuiliwa Nimule, upande wa Sudan Kusini, kwa sababu ile ile ya sumukuvu, na ghafla kila mnunuzi wa barabara ya Gulu akawa mtaalamu wa ukavu. Kwa uzoefu wangu ubora wa mahindi huulizwa wakati wa kuyakataa; wakati wa kuyanunua hausemwi.

Chakula cha nyumbani nimekitenga kabisa na hesabu za soko. Magunia manane ya kwanza kukauka vizuri, mara nyingi ya Januari, huingia katika mifuko ya tabaka tatu na hayauzwi hata bei ipande namna gani. Punje zilizoota ukungu huzikwa shimoni. Mama wa kwete nilikwenda kumweleza nilichomuuzia. Alinitazama kwa muda, akaniuliza kama nina mengine ya bei ile.

Agosti iliyopita mvua haikutupa nafasi. Siku ya tisa ya kuanika, kipimo cha kikundi kilisoma 18 katika magunia sita ya mwisho, mawingu yalikuwa yamefunga upande wa Masindi, na muhula wa tatu ulikuwa unakaribia na ada yake. Mnunuzi mgeni alisimamisha gari nje ya ua. Nilimwambia kwamba hayajakauka, nikamwonyesha namba kwenye kioo cha kipimo. Alicheka bila ubaya. "Mama, mimi nanunua kilo, sinunui namba." Akayapandisha kwenye mizani moja moja, akalipa taslimu, vijana wakayapakia juu ya mengine. Lori lilielekea kaskazini, upande wa Karuma, nami sikumuuliza yanashukia wapi.